Lala, Usitikisike

4 Machi

Kwako mdogo wangu, mchungulia vichwa vya watu,

Pokea salamu zangu na za wifi yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nazifikisha. Mimi sijambo, yeye hajambo, na huyo aliye tumboni naye hajambo, ameanza kupiga mateke. Wasiwasi wetu ni kwako, maana tangu niondoke huko hujaandika hata mstari mmoja. Unakula lakini? Nilipofungua friji yako nilikuta limau moja na betri za tochi. Wifi yako anauliza kama huo ndio mlo wa wanasayansi.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Nilishakuambia, kwenye simu ukibanwa unacheka, halafu mtandao unakatika kwa bahati njema. Kwenye barua huna pa kukimbilia.

Kazini tumeletewa kreni mpya, ndefu kuliko ile ya mwanzo. Fomeni wetu, yule tunayemwita Kengele kwa makelele yake, ananiita Balozi wa Mbinguni. Asubuhi napanda na chupa yangu ya chai, nashuka jioni. Siku hizi wanamwaga zege orofa ya tisa, na kila tani inayopita juu ya vichwa vya watu iko mikononi mwangu. Sijawahi kumwangushia mtu hata kokoto.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile nilipokutembelea maabara, mtu wenu wa kujitolea hakutokea, na saa ya ile mashine yenu ya sumaku ya kupiga picha za ubongo ilikuwa inapotea bure, ukaniingiza mimi kwa namba yake. Ukaniambia, "Kaka, lala, usitikisike, usifikirie chochote." Nikalala. Mashine ikaanza kunigongea kichwani kama mafundi wanaoezeka bati. Nilipotoka ukasema picha zitachukua muda kusomwa. Muda umepita sasa. Mmeona nini? Kuna ubongo humo ndani au ni zege tupu?

Nacheka, ila si sana. Mwaka huu natimiza umri ule. Baba alikuwa na umri huu huu siku aliposimama kwenye kipaza sauti cha stesheni, treni imeshafika, abiria wamejaa, na jina la mji unaofuata halikuja. Alikuwa amelitangaza maisha yake yote. Wewe ulikuwa shule ya bweni, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na chakula chake cha mchana. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha. Kabla mtoto wangu hajazaliwa nataka kujua kama nami ndiko ninakoelekea. Niambie basi, nipumzike.

Ni mimi kaka yako.

27 Machi

Shikamoo kaka,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu mpendwa, na huyo mpiga mateke. Mimi nashukuru, nipo salama, kazi nyingi tu. Mwambie wifi kwamba limau lile bado lipo, nalitunza kwa heshima yake. Vipi afya yako lakini? Unalala vizuri? Kichwa hakikuumi? Chakula kinapita?

Siku ile uliniuliza tunachofanya, na kwa haraka sikukueleza vizuri. Ubongo haupumziki, kaka. Hata ukilala kimya bila kazi yoyote, sehemu zake zinaendelea kuzungumza. Hatuzisikii zikizungumza, ila tunaona damu ikipanda na kushuka. Sehemu ya mbele na ya nyuma, zilizo mbali kabisa, zikipanda pamoja na kushuka pamoja muda wote, tunasema zimeungana. Ni sawa na kuona nyumba mbili za mitaa tofauti zikishangilia kwa wakati mmoja: unajua wanatazama mpira mmoja. Kwa wagonjwa wa aina ya baba, nyumba za mbali zinaacha kushangilia pamoja, kila mtaa unabaki na yake. Kazi yangu ni kulinganisha kundi la wagonjwa na kundi la wazima. Wewe ulilala kama mzima.

Kuhusu picha zako, kila kitu kiko sawa. Usijali.

Nilitaka kukuuliza tu, bado unapanda kreni kila siku? Hakuna kazi ya chini wanayoweza kukupa kwa muda, hasa sasa wifi anapokaribia? Na je, unapata maneno vizuri ukiongea? Majina ya vitu? Wifi amewahi kukuambia kwamba umerudia jambo? Nauliza tu, maana umri unakwenda kwa sisi sote.

Msalimie sana wifi.

Mdogo wako akupendaye.

6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo. Wewe hujambo?

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikafurahi. Nikaisoma tena nikiwa juu ya kreni, wakati wa chai, nikaacha kufurahi. "Unapata majina ya vitu? Amewahi kukuambia umerudia jambo?" Mimi ndiye niliyempeleka baba kwa daktari. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Maswali hayo ndiyo aliyoulizwa baba, kwa mpangilio huo huo, na daktari yule naye alisema anauliza tu.

Mtu ambaye kila kitu chake kiko sawa haambiwi ashuke kwenye kreni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe unanifichia ya kwangu. Nakuomba kwa haki ya kaka aliyekufunga kamba za viatu. Umeona nini?

Kaka yako.

29 Aprili

Shikamoo kaka yangu,

Habari za siku nyingi. Nimechelewa kukujibu na sina kisingizio. Nimeandika barua hii na kuichana, nikaandika nyingine nikaichana. Natumai wifi ni mzima. Natumai wewe pia ni mzima, na kuandika neno hilo kunanitia hofu.

Wewe umeomba, nami nakuambia. Picha zako nilizifungua peke yake, kabla ya za wengine wote. Haturuhusiwi kufanya hivyo. Picha hupewa namba, zikasafishwa makosa zote pamoja, halafu ndipo zinasomwa, na hakuna anayepaswa kujua namba ipi ni ya nani. Lakini namba yako niliijua, na sikuweza kusubiri. Nilijiambia nachungulia kidogo tu ili nitulie.

Sikutulia, kaka. Sehemu zako za mbali hazikuwa pamoja. Zile zinazoshughulikia maneno zilikuwa zimefungamana na majirani zao wa karibu kupita kiasi, na zile za mbali zimeachwa. Niliiweka picha yako kando ya picha za wagonjwa wetu, na kama si namba ile ningesema ni mmoja wao. Nilikaa pale kwenye kiti nikiwa na koti la maabara, mwanamke mzima, nikajisikia haja ndogo inataka kunitoka kwa woga.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Profesa itabidi niseme kwamba nilimwingiza ndugu yangu kwa namba ya mtu mwingine. Kwa hiyo nimekaa na jambo hili peke yangu, na kila nikikaribia kuzifungua tena hizo picha naizima kompyuta.

Nenda kwa daktari, tafadhali. Na ushuke kwenye hiyo kreni. Nisamehe kwa kukudanganya. Nilidhani nakupa siku chache za raha.

Mdogo wako.

11 Juni

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Umepiga simu sana, nimeziona, sikupokea. Hali yangu utaisoma hapa chini.

Sikai nyumbani tena. Nalala kwenye stoo ya kule tunakojenga, kati ya mifuko ya saruji na mapipa ya misumari. Mlinzi amenipa godoro, na barua zangu anazipokea yeye. Wifi yako nimemwambia nimepata kazi ya mkataba mji wa mbali, na kila wiki namtumia ujumbe kwamba mtandao wa huku ni mbaya. Yeye anaamka, anakwenda kwenye duka lake la miwani, anapima watu macho huku tumbo likigusa meza, na mimi niko mwendo mfupi tu kutoka hapo najificha kama mwizi. Juzi nilimwona akivuka barabara akiwa amebeba mfuko mzito. Nilijibanza nyuma ya lori la kokoto.

Kreni nimeiacha. Siku chache baada ya barua yako, nilikuwa nimeinua nondo na mwelekezaji akaniambia kwenye redio nizungushe kushoto. Nikasikia neno, na kwa muda kidogo sikujua kushoto ni wapi. Mzigo ukabembea juu ya watu waliokuwa wanafunga mbao. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyejua. Bila barua yako ningesema ni usingizi, maana nilikuwa silali. Lakini barua yako ninayo. Nilishuka, nikampa Kengele funguo, nikamwambia mgongo umeniharibikia. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

Utauliza kwa nini nimemwacha mke wangu. Wewe hukumwona mama. Ulirudi likizo ukamkuta baba ameshaogeshwa, amevalishwa shati, amekaa. Hukuona asubuhi zake. Alipoacha kusema maneno alianza kupiga, na aliyepigwa ni mama, na mama alizeeka kwa mwaka mmoja. Mke wangu atakuwa na mtoto mchanga mkononi. Sitaki awe na wawili. Afadhali anichukie sasa akiwa bado kijana, apate mtu mwingine.

Nikuambie jambo nisilowahi kumwambia mtu. Tangu baba aliposahau neno "ufunguo" akaanza kusema "kile cha mlango", mimi hujipima. Kila siku. Nikiwa nimekaa kimya popote, kwenye foleni, juu ya kreni, nayataja majina ya vitu chini chini: ufunguo, kikombe, kijiko, kitasa, mkasi, sindano, kamba. Nikimaliza vya nyumbani nahamia vya kazini. Hata kwenye mashine yako uliponiambia nisifikirie kitu, mimi niliona hapo ndipo penyewe, kama kuna kitu wataona, bora wakute maneno yote yapo. Nikayataja mwanzo mpaka mwisho, midomo imefungwa, taya tu linafanya kazi. Yote yalikuwepo. Na bado mashine ikayakosa.

Mtoto akizaliwa utamletea zawadi kwa niaba yangu.

Kaka yako.

17 Juni

Kaka! Kaka yangu!

Nisamehe, sina salamu, salamu zitakuja baadaye. ULITIKISIKA.

Nisome polepole tafadhali. Jambo la kwanza tunalowafundisha wanafunzi, la kwanza kabisa, kabla ya kuamini picha yoyote uliza kama kichwa kilitulia. Kichwa kikicheza hata chini ya unene wa ukucha, tena na tena, picha inadanganya, na uongo wake ni wa aina moja siku zote: sehemu za karibu zinaonekana zimeungana kupita kiasi, za mbali zinaonekana zimeachana. Ndicho nilichokiona kwako. Ndicho hicho hicho! Kila mtu hapa anakijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniuliza. Lakini sikuwa na wa kuniuliza, kwa sababu nilikuwa naficha, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kufungua tena. Nilipoiona tu nilimwona baba, nikaacha kuwa mtafiti.

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa mashine, mama mmoja tunayemwita Mama Sumaku, nikamwambia yote. Akafungua mstari unaoonyesha kichwa kilivyokaa muda wote uliokuwa ndani. Ni mchezo mdogo mdogo usiokoma, tangu mwanzo hadi mwisho. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, huyu mtu alikuwa anatafuna?" Nikamwambia alikuwa anataja vitu. Nikalia mbele yake bila aibu.

Nimemweleza Profesa pia. Ameniondoa kwenye utafiti huu, na picha zako zimefutwa kwenye kundi. Ni haki yake, na sijali.

Huna kitu, kaka! Rudi nyumbani leo. Beba godoro lako mrudishie mlinzi, nenda kamkumbatie wifi yangu. Uko salama.

Mdogo wako.

30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na nimesikitika kwa kazi yako.

Nimeisoma barua yako kwa furaha mpaka nilipofika mwisho. "Uko salama." Nikatafuta ile barua ya Machi. "Kila kitu kiko sawa. Usijali." Mwandiko ni huo huo. Siku ulipoandika ile ya Machi ulikuwa umeshaiona picha, ulikuwa umeshaogopa, na ukaandika vizuri tu, na mzaha wa limau ukaweka.

Sasa niambie, nitajuaje? Nimekuandikia kwamba nimeacha kazi, nimemwacha mke mjamzito, nalala kwenye saruji. Dada gani akisoma hivyo hatatafuta namna ya kunirudisha nyumbani? Hata mimi ningetunga. Na ungekuwa wewe, msomi, ungetunga kitu kizuri kama hiki cha taya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sisemi kwamba unadanganya. Nasema sina tena pa kushika. Zamani ukiniambia jambo nilikuwa nalala usingizi. Hicho ndicho kilichovunjika, na sijui fundi wake.

Nabaki hapa.

Kaka yako.

9 Julai

Shikamoo kaka,

Natumai godoro halijakuumiza mgongo. Mimi afya ninayo. Wifi alinipigia jana. Aliniuliza kama najua uliko, sauti ikiwa kavu, nikamwambia aniachie siku chache. Usinilazimishe kumdanganya na yeye.

Uliyosema ni kweli na sina la kujitetea. Nimekaa na barua yako nikaona kosa langu la mwisho ni lile neno "salama". Nilikuwa nimefurahi, nikaandika nisichokijua. Sasa nitaandika ninachokijua tu, nacho ni kidogo.

Najua kwamba kichwa chako kilicheza. Mstari huo nimeuambatisha hapa, na nyuma yake Mama Sumaku ameandika namba yake ya simu. Mpigie wewe mwenyewe. Hana sababu ya kukuonea huruma, hata mimi hanionei.

Najua kwamba picha ile haina maana yoyote, wala ya ubaya wala ya uzuri. Na hata ungetulia kama jiwe, isingekuambia wewe peke yako utaugua au hutaugua. Sisi tunalinganisha kundi na kundi. Kumsomea mtu mmoja bahati yake ni kazi ya wapiga ramli, nami niliifanya kwa kaka yangu.

Kama utaugua, sijui. Kama ugonjwa wa baba unarithiwa kwenye ukoo wetu au ulimwangukia yeye tu, sijui. Kama mtoto wako atakuwa nao, sijui. Kama siku ile kwenye kreni ilikuwa ni kukosa usingizi, nafikiri hivyo, lakini sijui. Daktari anaweza kukupima, atakuambia ya leo, ya kesho atakuambia hajui, kama mimi. Miaka yote hii nimesoma ili siku moja nikuandikie barua yenye jibu, na hii ndiyo barua yenyewe.

Na jingine. Hapa maabara kila mfanyakazi hulala kwenye mashine kabla ya kumlaza mtu mwingine, ndiyo desturi yetu. Mimi sijawahi. Zamu yangu ikifika nina mafua, au nimesahau kuvua bangili, au nina kikao. Miaka saba. Nilikuingiza wewe mahali ninapoogopa kuingia mimi. Sisi sote wawili ni watoto wa baba yule, kaka, na sijui lolote kuhusu kichwa changu pia.

Sikuombi urudi nyumbani kwa sababu uko salama. Nakuomba umwambie wifi ulichoniambia mimi, kisha yeye aamue. Ni haki yake.

Mdogo wako.

3 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani kwangu, chumba cha mbele, kwenye kochi ambalo ndilo kitanda changu kwa sasa. Mimi mzima, mwenye nyumba, yaani wifi yako, mzima, na kuna wa tatu utakayesikia habari zake. Hofu ipo bado, nisikufiche, imebeba mizigo yake ikaja nami.

Mama Sumaku sikumpigia. Sikuhitaji. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye pipa la misumari, na nilipofika pale uliposema sijui, sijui, sijui, nikakuamini. Anayetaka kumbembeleza mtu haandiki hivyo. Niliogopa kuliko siku zote, lakini nilikuamini, na nikagundua nilikuwa nimechoka zaidi kwa kutokuamini kuliko kwa kuogopa.

Nilimkuta dukani kwake. Kulikuwa na mzee mmoja anajaribu fremu, nikasubiri mpaka akachagua. Wifi yako akamsindikiza nje. Akafunga mlango, akageuza kibao cha nje, akakaa kwenye kile kiti cha wateja wanaopimwa macho. Nikamweleza kila kitu, baba, mama, mashine, kreni, stoo. Nilidhani atalia. Akasema, "Mimi nilijua una mwanamke. Nimelala miezi miwili nikimtafuta sura. Mwanamke ningejua la kumfanya."

Kisha akakasirika, na hasira yake haikuwa kwa ugonjwa. Aliniambia, "Ukiugua nitakuuguza au sitakuuguza, hilo ni langu. Wewe umeamua kwa niaba yangu, halafu ukajiita mwema." Nikamwambia niliogopa. Akasema, "Na mimi je? Mimi na hofu yangu nilikuwa nalala na nani?" Akanipa ule mfuko wake mzito nibebe, tukaenda nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Kochi nimepewa mpaka hapo atakapojisikia. Daktari tutakwenda pamoja, amesema, na siku ataichagua yeye.

Kengele amenirudisha, ila chini. Nashika bendera, nawaelekeza wengine. Kreni nimemwambia bado, na safari hii nilimwambia sababu ya kweli. Akapiga kelele kuhusu saruji.

Kwenye hiyo mashine sitalala tena, usiniombe. Wewe fanya utakavyo. Ukitaka kulala humo nitakuja, nitakaa nje mlangoni, na ukitoka sitakuuliza kitu. Usipotaka, nitakuja vilevile, utanunua chakula.

Umesema nikusamehe. La kuniingiza humo nimekusamehe. La ile barua ya Machi bado, nalifanyia kazi.

Sasa habari yenyewe. Ni msichana. Amezaliwa wiki iliyopita, mchana, mama yake alinikamata mkono mpaka vidole vikafa ganzi na hakuniachia, nami nikachukua hiyo kama dalili njema. Ana kichwa kikubwa cha ukoo wetu. Nilipopewa nimshike nilikichunguza kile kichwa, nikawaona humo bila kutaka wewe na baba na picha zako zote, nikaogopa hadi nikataka kumrudisha kwa nesi. Sikumrudisha.

Nilikuwa na mengi ya kukuandikia ila ameanza tena kulia. Ameshanyonya, nguo nimembadilisha mwenyewe, mama yake ndiyo kwanza amepata usingizi. Sijui analilia nini. Ngoja nikambebe.

Kaka yako, baba wa mtu.